Mgongo Mweupe

Bi Majlis alimuua ndege kwa ukarimu. Alikuwa ametundika donge la mafuta ya ng'ombe mbele ya dirisha la jikoni, kama kila mwaka wakati wa baridi, na Jumamosi moja, akiwa anamimina kahawa, kigong'ota akakigonga kioo kwa kichwa. Alipotoka alimkuta juu ya theluji, shingo imelegea.

Akavaa miwani, jambo alilolifanya kwa nadra, maana kwa miaka yake sabini na minane alijiona bado mbichi. Kigong'ota wa kawaida ana doa kubwa jeupe kwenye kila bega, kama aliyepakwa chokaa. Huyu mabega yalikuwa meusi, mabawa yana mistari, na kiunoni peupe pote. Utosi mweusi, bila kofia nyekundu. Jike.

Majlis akaketi kwenye ngazi, theluji na yote.

Mwaka juzi Ylva, binti wa ofisi ya misitu, alikuja kutafuta vigong'ota wa mgongo mweupe katika mibetula, miti ya magome meupe iliyo nyuma ya nyumba. Wamebaki wachache mno. Wakionekana mahali, mti wa hapo haukatwi. Alisikiliza asubuhi mbili, zote za upepo, kisha akaingia kumuuliza mwenyeji. Majlis akamjaza maandazi ya iliki. "Mwanangu, hawa ni wale wa kawaida. Nawajua tangu mama yako hajazaliwa." Ylva akaandika hivyo. Na sasa Torvald, mdogo wake Majlis na mwenye shamba, alikuwa ameita mashine ya kukata miti ije Jumatatu. Mibetula yote ingelala, mizima pamoja na mikavu iliyooza ambamo ndege hao huchokoa mabuu.

Akamtia ndege kwenye mfuko wa mkate, akaenda kwa Torvald.

"Umeniletea kitoweo, dada?"

"Tazama mgongo."

"Naona maiti."

"Ni yule aliyekuwa akitafutwa na Ylva."

"Si wewe uliyesema hayupo?"

"Nilisema uongo bila kujua. Uongo wa aina hiyo hauna hata utamu."

Torvald akakuna kidevu. "Mimi nataka mbao za paa la zizi. Ndege mfu hahitaji mti."

"Mpigie simu yule binti. Akisema kata, nitakuja na shoka langu."

Kwenye simu Ylva alisema maiti peke yake haitoshi, huenda jike alikuwa mpita njia. Ila kama yupo mwingine anayekaa hapo, atasikika alfajiri akigonga mti kwa mdomo, kwa mlio mrefu kuliko wa yule wa kawaida. Ndege awekwe kwenye friza, kwani ni mali ya serikali.

"Hata akifa wanamtaka," Torvald akasema. "Mimi hawajanitaka nikiwa hai."

Jumapili alfajiri walisimama watatu ukingoni mwa mibetula, pua zinachuruzika. Mlio ukaja, mfupi, umekatika ghafla kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Wa kawaida," Ylva akanong'ona.

Wakanywa kahawa. Ukaja mwingine, mfupi vilevile.

"Basi, dada," Torvald akasema, kwa upole uliomuumiza Majlis kuliko kejeli zake zote.

Ndipo kutoka ndani kabisa ukaanza mlio mrefu, ukaongeza mbio kama mpira uliodondoka mezani, kisha ukafifia. Ylva akafumba macho. Ukarudi.

"Izuie mashine, mzee."

Torvald alitema mate, akatoa simu. "Paa litavuja, na ng'ombe nitawaambia ni kosa la shangazi yao."

Majlis alitaka kucheka. "Mbona anarefusha hivyo?"

"Anamwita jike wake, bibi."

Kwenye friza ya Majlis, chini ya matunda mekundu ya msituni, mfuko wa mkate ulikuwa umeshika barafu.

Mibetula imesimama mpaka leo. Majlis aliyahamishia mafuta nyuma ya banda la kuni, mbali na vioo. Dume aliendelea kugonga kila asubuhi hadi Mei, na kila asubuhi Majlis alizima redio, akavaa miwani, akakaa kwenye ngazi akimsikiliza.