Neno Alilopaza Guled

Kazi ya Sirad kila asubuhi ilikuwa moshi. Mama yake, Batula, alipokuwa akichemsha chai ya kwanza, yeye alitumbukiza vijinga vya mgunga ndani ya vibuyu vitupu vya maziwa, kimoja baada ya kingine, akaziba mdomo wa kila kibuyu kwa kiganja na kuhesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Maziwa ya ngamia yasiyonukia moshi hayana mnunuzi Garissa. Hata ukiyatoa bure, watu watakuuliza mnyama anaumwa nini.

Alhamisi ile alikuwa amefika ishirini na mbili Abdihafid, mteja wa kila siku, alipoingia kibandani mwao mwa chai, pikipiki yake ikiwa bado inanguruma nje. Hakumsalimu mtu. Aliweka simu juu ya meza, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Sikilizeni mwana wenu alivyotumaliza," akasema.

Sirad akaisahau hesabu. Kijinga kikazimikia ndani ya kibuyu.

Mwana mwenyewe alikuwa Guled, mdogo wake Sirad, kijana wa miaka kumi na tisa na mtu wa kwanza wa mtaa ule kuvaa jezi ya timu ya taifa ya vijana ya raga. Timu ilikuwa imekwenda ng'ambo kwenye mashindano ya dunia, na kwa wiki mbili nzima wateja wa Batula waliacha shughuli zao wakaizunguka simu ya Mwalimu Duale. Mwalimu alifundisha michezo katika sekondari moja ya pale mjini, na ndiye peke yake aliyezijua sheria. Timu ilipigwa mechi ya kwanza, ikapigwa ya pili, ikapigwa ya tatu. Kila mara Mzee Jelle, dalali wa ngamia aliyehamia kutoka Habaswein, aliuliza swali lile lile: ni mchezo gani huu, mtu anataka kwenda mbele na mpira anautupa nyuma? Mwalimu alimpangia vikombe mezani, kila kikombe mchezaji, akamweleza taratibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamnywa nahodha.

Lakini ni mechi ya nne, ya Jumapili, iliyowaacha midomo wazi. Kenya ilikuwa inaongoza kwa pointi mbili, na dakika moja tu imebaki. Mpira ulikuwa mikononi mwa Ayieko, kijana wa Kisumu anayevaa namba kumi. Guled alikuwa pembeni kushoto, peke yake, mbele yake nyasi tupu. Ayieko hakumpa. Aliupiga mpira nje ya uwanja, akainua mikono kama mtu aliyekwisha shinda. Katika raga, anayeongoza akiutoa mpira nje muda ukiwa umeisha, mechi imekwisha. Ila muda haukuwa umeisha. Zilibaki sekunde arobaini. Wakati Wakenya wanakumbatiana, wapinzani waliurusha mpira ndani upesi, wakakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, wakaulaza chini na kuzoa pointi tano. Kenya ikarudi nyumbani imeshika mkia.

Tangu siku hiyo kila mtu kibandani alikuwa na lake. Kocha mbaya. Ayieko mgonjwa. Jicho baya. Hakuna lililoingia akilini. Na sasa hii video, iliyopigwa na mtazamaji aliyesimama karibu kabisa na Guled. Ayieko anakimbia na mpira, anageuza shingo kushoto, na hapo sauti ya Guled inasikika wazi, mara mbili, kabla mpira haujapigwa nje.

"Basi! Basi!"

Abdihafid alisema Nairobi nzima imeshatoa hukumu mitandaoni: kijana wa Garissa ndiye aliyewadanganya wenzake kwamba muda umekwisha.

Mzee Jelle aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara nne. Kisha akauliza kosa liko wapi, maana yeye anamsikia kijana akiomba mpira kwa adabu zake. Mwalimu Duale naye, mwalimu mzima, akakubali kwamba Guled anaomba mpira na kila mwenye masikio anasikia.

"Haombi mpira, adeer," Abdihafid akamwambia Mzee, akimwita ami kwa Kisomali. "Anasema basi."

"Ndiyo. Anataka basi. Si apewe basi yake?"

"Basi ya kwenda wapi? Mandera?"

Watu wakacheka, hata Batula. Sirad hakucheka. Alisimama na kibuyu chake mkononi, kwa sababu alikuwa ameona jambo ambalo wote mle ndani hawakuweza kuliona. Kwao pasi ya kuomba mpira na basi ya kukomesha ni sauti moja. Kisomali walichonyonya hakina ile *p* ya mwanzo, na sikio halisikii kile ambacho halikukilea.

Yeye alilijua hilo kwa aibu. Mwaka wake wa kwanza katika chuo cha ualimu, aliomba sahani ya bilau jikoni, na kwa mihula miwili wenzake walimwita Bilau. Akawa hasemi kitu. Usiku wa mabweni alijifunza peke yake kwa kipande cha karatasi mbele ya midomo: ukisema *pa*, karatasi inaruka, ukisema *ba*, inatulia. Guled alipopata nafasi ya kusoma na kucheza raga Nairobi, Sirad alimkalisha nyuma ya kibanda likizo nzima ya Desemba na karatasi yake. Papai. Pilipili. Pasi. Hakutaka naye aitwe jina la chakula.

Katika kibanda kile Sirad hakuwa na mazoea ya kusema na wanaume zaidi ya kuuliza chai ya maziwa au ya rangi. Siku hiyo alisema. Alisema akitazama kibuyu, kwa sauti ndogo iliyowalazimu wote kunyamaza. Akaeleza kwamba mtu akibanwa na haraka, ulimi unarudi kwao. Guled aliita pasi, ikatoka basi, na Ayieko ambaye si wa huku akasikia kwamba muda umekwisha. Ulimi ndio uliokosa, si mtu.

Mwalimu Duale akamwomba arudie, akamrekodi, akaituma sauti ile Nairobi kwa makundi yote ya mashabiki aliyoyajua.

Kufika adhuhuri, watu waliomtukana Guled walikuwa wanamwomba radhi. Mmoja aliandika kwamba amelia. Mzee Jelle, aliyesomewa yote hayo, alitangaza kwamba sasa ameuelewa mchezo: ni mchezo wa Kiswahili. Sirad aliona joto usoni, la furaha na la haya. Lakini kufika alasiri, upepo ulikuwa umegeuka. Haya, kijana wa Garissa ulimi wake mzito, lakini Ayieko je, hana macho? Hakuiona saa? Mtu akataka atolewe kwenye timu. Mwingine akataja mahali lilipo duka la mama yake Ayieko. Sirad alisoma mpaka akaizima simu, akahisi kama mtu aliyetupa makaa ya jikoni mwake yakaangukia paa la jirani.

Halafu kulikuwa na ujumbe wa sauti. Guled alimtumia Jumatatu, akimwita dada kwa Kisomali, maneno matatu tu: "Abaayo, mimi basi." Alipousikia mara ya kwanza alidhani ndugu yake amechoka na raga. Leo asubuhi alijiambia kuwa Guled alitaka kusema pasi. Sasa aliusikiliza tena, akaona hajui. Akaitazama tena na ile video, bila sauti. Mikono ya Guled ilikuwa imeinuliwa, viganja vikitazama mbele. Je, hivyo ndivyo mtu anavyopokea? Hakuwahi kucheza raga. Hakujua.

Guled mwenyewe alishuka kutoka Nairobi jua likiwa linaegemea magharibi. Alikuja na begi moja, amekonda. Batula alimshika uso kwa mikono miwili. Abdihafid alimpisha kiti chake. Mwalimu akamsomea radhi za mashabiki moja moja, na Mzee Jelle akamwahidi kwamba hakuna tena atakayemgusa, kwa kuwa dada yake amewafundisha watu kusikia.

Guled alisikiliza akiinamia chai yake. Aliuliza jambo moja tu, wanasema nini juu ya Ayieko. Abdihafid akasema hayo si yake tena, yule ajitetee mwenyewe.

"Alinibebea begi mpaka stendi," Guled akasema. "Hakuniuliza hata mara moja kwa nini."

Akachana kona ya gazeti lililofungiwa mahamri. Akakiinua kile kipande mbele ya midomo yake, akamtazama Sirad, Sirad tu.

"Pasi," akasema. Karatasi ikaruka.

"Basi." Karatasi ikatulia.

Mzee Jelle aliuliza kuna tofauti gani. Sirad alitaka kumwambia ndugu yake anyamaze, achukue ulimi mzito alioazimwa, na kila mtu aende nyumbani salama. Lakini neno la kumtetea, alilokuwa amelitafuta kutwa nzima kwa niaba yake, sasa halikuwa lake kulisema.

"Nilishauangusha mpira mara tatu kwenye mashindano haya," Guled akasema. "Ayieko alipogeuka nikaona anataka kunipa mimi. Saa niliiona, abaayo. Nilijua muda bado." Alikilaza kile kipande cha karatasi mezani, akakinyoosha kwa kidole. "Nilisema basi. Nilimaanisha basi. Niliogopa mpira usije ukanifikia."