Mwili wa Nani

Vilikuwa visanamu vya madini ya risasi, vifupi kuliko kidole gumba, vya enzi za ujana wa marehemu baba yake: mashujaa, mazimwi, mchawi aliyevunjika fimbo, na Malkia mwenye deraya ya chuma mwilini. Baba alikuwa akimnyanyua Malkia na kumwambia bintiye, "Huyu ndiye mama yako, muulize kuhusu vita." Akafa hajampaka rangi. Kazi ikabaki kwa bintiye, fundi kucha, ambaye mkono wake ulikuwa mtulivu na mdomo wake sivyo kabisa.

Fundi Kucha alichanganya kahawia na nyekundu, akadondoshea manjano kidogo, akajaribia nyuma ya mkono wake. Ikionekana, anafuta na kuanza upya. Siku rangi ilipopotea mkononi, haijulikani inapoanzia wala inapoishia, ndipo alipompaka Malkia. Alipomaliza alilia, maana aliyesimama pale mezani alikuwa marehemu mama yake mwenyewe, alivyokuwa akimngoja mlangoni mwenye nyumba aje kudai kodi.

Asubuhi ya maonyesho alimpanga Malkia mbele ya wenzake. Mwenyekiti wa chama cha wapenda visanamu alikuwa baba yake mdogo, na Ba'mdogo alipomwona Malkia, uso ulimkunjamana. Akasema kwenye picha ya boksi la visanamu ngozi ya Malkia ni rangi ya waridi, vitu vya kale havibadilishwi, na marehemu angeona aibu. Akatoa mfukoni kichupa cha rangi alichokitunza tangu ujana wao, kimeandikwa Rangi ya Mwili. Ampake hiyo sasa hivi, au amwondoe.

Wee! Alimchokoza asiyechokozwa.

"Ba'mdogo, simfuti. Na mezani hatoki."

Ba'mdogo alimsukuma Malkia nyuma ya boksi, asionekane. Fundi Kucha akafungua kichupa, akachovya brashi, akambandika mzee wa watu bonge la waridi mgongoni mwa mkono. Papo hapo milango ikafunguliwa, wageni wakaingia.

Rangi ya mafuta haijui maji. Ba'mdogo alisugua kwa leso, akasugua kwa sabuni, wapi! Na mwenyekiti lazima ashikane mikono na watu. Wa kwanza akampa pole, akauliza kaungua na nini. Chai, akasema. Wa pili naye pole, wa tatu naye pole. Akaja muuguzi mstaafu, akamvuta hadi dirishani, akavaa miwani, akamgombeza kwamba ngozi ikishatoka hivi haifichwi.

"Si kidonda," Ba'mdogo akasema, kachoka. "Ni rangi ya mwili."

Muuguzi akaugeuza ule mkono mweusi, akautazama tena.

"Mwili wa nani?"

Waliokuwa karibu walicheka hadi wakashikana. Ba'mdogo akajipenyeza hadi mezani na kumnong'oneza Fundi Kucha: hana ile dawa yake ya kuondolea rangi za kucha?

Anayo, tena chupa nzima, kwenye mkoba, tangu asubuhi.

"Ninayo," akasema. "Kwanza mrudishe shemeji yako mbele."

Ba'mdogo alitaka kubisha. Kisha akachungulia nyuma ya boksi, na safari hii akamtazama Malkia usoni. Alimtazama sana. Akamchukua kwa mkono uleule wenye waridi, akamsimamisha mbele ya mashujaa wote, akampisha.