Ndoo Nyuma ya Mshambuliaji

Meneja wa ukumbi alikuwa na neno moja kwa mpiga picha kila siku ya mechi: "Dada, ndoo nisiione."

Na kweli hakuiona. Wasichana wa timu ya mpira wa wavu walimwita mpiga picha huyo Jicho, na hawakukosea. Ukumbi wenyewe ulitia aibu: kuta zimebanduka rangi, viti vya plastiki havifanani, na pale paa lilipovuja, ndoo za kufulia zimepangwa kando ya uwanja. Jicho alikaa sakafuni kabisa, akafungua lenzi hadi mwisho, akasubiri mchezaji amkaribie na ukuta ubaki mbali. Mchezaji akiruka tu, anabofya. Msichana anatoka wazi hadi jasho la nyusi; vya nyuma vyote vinayeyuka kama moshi. Meneja alizibandika picha hizo mlangoni, na mgeni aliyepita akadhani humo ndani ni kasri.

Aliyependeza pichani kuliko wote alikuwa mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao, mshambuliaji aliyeitwa Twiga kwa urefu wake.

Siku moja mvua ilinyesha katikati ya mechi. Twiga aliruka, akapiga, akatua kwenye maji. Jicho alikuwa akimtazama kupitia lenzi. Aliuona uso wa mdogo wake ukikunjamana kabla hajausikia ukelele. Hospitali wakasema kano za goti zimekatika.

Kocha aliita wazazi. Meneja akaja na picha kubwa kubwa, akazipanga mezani kama muuza vitambaa.

"Mnasema sakafu ina maji," alisema. "Hizi ni picha za msimu mzima. Nionyesheni tone. Nionyesheni ndoo. Binti aliteleza kwa viatu vyake vilivyokwisha soli, basi."

Mama yao, aliyekaa mbele, aligeuka taratibu. "Mwanangu, hizi si zako?"

"Ni zangu, mama."

Hasira ilimpanda Jicho kutoka nyayoni. Akasimama. "Ndoo zilikuwepo. Nilizificha mimi kwa lenzi, na wewe ndiye uliyenituma."

Meneja akatabasamu. "Tunamwelewa, ni uchungu wa ndugu. Lakini picha ndizo hizo." Wazazi wakaguna, wengine wakatazama saa zao. Kikao kikafa hivyo hivyo.

Mechi iliyofuata mvua haikuwa na huruma, na Jicho alifika mapema. Safari hii hakukaa sakafuni. Alipanda juu ya benchi, akabana tundu la lenzi mpaka kila kitu ukumbini kikaonekana sawasawa. Mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo wachezaji walitoka kama vivuli vinavyopita. Ndoo zilitulia, wazi, na maji yake, na matambara yaliyolowa. Na meneja pia, amesimama, akiisukuma ndoo moja kwa kiatu iingie chini ya kiti.

Alipomwona, meneja alikuja mbio. "Unafanya nini huko juu? Kaa chini kama siku zote."

"Nimekaa chini vya kutosha."

"Ukitoka na picha hizo, hutatia mguu humu tena."

"Mguu? Mdogo wangu ameshauacha wake humu. Unataka mingapi?"

Alizipeleka gazetini jioni ile ile. Mficha maradhi kilio humuumbua: wiki haikuisha, ukumbi ukatiwa kufuli. Lakini meneja alihamishiwa ukumbi mwingine, wenye ofisi kubwa kuliko ya kwanza. Jicho alipoisoma habari hiyo alilikunja gazeti mpaka likachanika.

Timu sasa haikuwa na pa kuchezea. Wasichana waliacha kumsalimia. Kocha alimwambia tu, "Ungenishauri kwanza."

Nyumbani, Twiga alilala na mguu juu ya mto, uso ukutani.

"Umewafungia wenzangu," alisema.

"Nimewafungia wasivunjike kama wewe."

"Ungezipiga ndoo hizo msimu uliopita, mimi ningekuwa nimesimama."

Mama aliendelea kukunja nguo, asimtetee yeyote. Jicho alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikujua imshike nani kwanza.

Twiga akaita kutoka ndani kwamba anataka kwenda kuoga.

Jicho akarudi, akainama. Mdogo wake alimwegemea begani, akamshika kwa nguvu kuliko goti lilivyohitaji, kucha zikazama. Jicho aliacha zizame, wakaanza kutembea.