Kicheko cha Chumba cha Walimu

Mshona nguo wa nyumba ya pili anasema ni sufuria. Ukienda kwake kupunguza gauni atakusimulia hata kama hujamuuliza: wale walimu wageni wawili waligombana kwa sababu ya sufuria ya wali ulioungua. Mkubwa akamwambia mdogo hana mikono ya kupikia, mdogo akajibu, maneno yakapanda, na kesho yake mkubwa akafunga godoro lake kwa kamba akahamia bwenini kwa wasichana.

"Masikio yangu haya yalisikia mfuniko ukidondoka," husema, pini zikiwa mdomoni. "Wanawake wawili, jiko moja! Mlitegemea nini?"

Siku moja aliyesimama mbele yake akipimwa kiuno alikuwa mwalimu wa sayansi, huyo mdogo mwenyewe. Mshona nguo hakuona haya. Alisimulia mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Au nimetia chumvi, mwalimu?"

"Hujatia," akasema. "Ni sufuria."

Akatoka pale amejiinamia. Wali haukuungua. Mfuniko ulidondoka kweli, lakini ulimponyoka yeye mwenyewe mkononi, aliposikia godoro likiburutwa ukumbini.

Aliyehama ni mwalimu wa jiografia. Mdogo humwita Dada, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja wala kutoka mji mmoja; walikutana ugenini, wote wawili ndio kwanza wameanza kufundisha mbali na kwao. Homa ilipomlaza mdogo, Dada ndiye aliyemvua viatu na kumlisha uji kwa kijiko, huku akimwambia, "Ukitaka kufa, kufa, ila vyombo leo ni zamu yako." Mkataba ulipokwisha walihamia pamoja nchi nyingine, na baadaye hii. Mkuu wa shule aliyemtaka mmoja ilibidi amchukue na mwenzake. Watu wakiwauliza kama ni ndugu, walichoka kueleza, wakawa wanasema ndiyo.

Walikuwa na mtindo wao. Jioni, kabla ya somo gumu, mmoja alisimama na chaki mbele ya mlango wa jikoni, ambao waliupaka rangi nyeusi makusudi, na mwingine akaketi juu ya ndoo, akawa mwanafunzi. Tena mwanafunzi mtukutu. "Mwalimu, hiyo mvua inatoka wapi, na huko juu hakuna bomba?" Hivyo ndivyo walivyojifunza lugha ya kila nchi waliyofika. Mdogo alikuwa mwepesi. Dada ulimi wake ulikuwa mzito. Neno likimkimbia alifumba macho, akashika sikio, na mguu wa kulia ukaanza kugongagonga sakafu kama wa mtu anayefukuza panya. Darasani hakufanya hivyo hata mara moja. Darasani alijikaza. Yale yalikuwa ya jikoni, ya kuonwa na mtu mmoja.

Katika chumba cha walimu kuna meza ya dirishani wanapokaa wenyeji. Hakuna aliyewakataza wageni kukaa pale, ila viti havikutosha kamwe. Siku ile godoro lilipofungwa, Dada alikuwa na kipindi. Chai ilikuwa mezani, na mwalimu wa michezo akauliza kwa utani tu, "Hivi yule mwenzako anafundishaje? Watoto wanamwelewa kweli?"

Mdogo angeweza kusema wanamwelewa. Ndiyo ilikuwa kweli. Badala yake aliinuka, akachukua chaki kwenye kopo. Akafumba macho. Akashika sikio. Mguu ukaanza. Akatoa na sauti, ileile ya Dada, inayokwama njiani na kurudi nyuma kuokota neno.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Makamu wa mkuu, ambaye salamu ya mdogo siku zote aliiitikia kwa kichwa tu, alijifuta machozi kwa tai.

"Rudia! Rudia ya mguu!"

Akarudia. Mwalimu wa michezo akamvutia kiti. "Kaa hapa bwana. Kumbe wewe ni mwenzetu!"

Neno hilo lilimwingia kwa utamu mpaka kwenye vidole. Akakaa. Ndipo alipoona wanaacha kucheka mmoja mmoja, wakitazama mlangoni. Dada alikuwa amesimama, ramani ya ukutani imeviringishwa kwapani.

"Samahani," Dada akasema kwa lugha ya pale, bila kukosea. "Nimeishiwa chaki."

Na chaki ilikuwa mkononi mwa mdogo. Akampa.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Dada alirudi nyumbani, akala, akaosha vyombo, akafunga godoro. Wiki ikapita, kisha mkuu wa shule akamwita mdogo ofisini. "Mikataba inakaribia kwisha. Nimemwuliza mwenzako kama mnaendelea, akaniambia kila mtu aulizwe kivyake. Ni kweli?"

Aliomba ruhusa, akaenda moja kwa moja bwenini.

Dada alikuwa akipiga pasi. "Vua viatu, nimedeki."

Akavua. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Sasa yote yalimtoka kichwani. "Dada, nisamehe. Ni shetani tu."

"Usimsingizie. Shetani hakuwepo kwenye ile chai."

Uso ukamshuka. Akatazama vidole vyake vya miguu. "Nilitaka wanipende."

Dada akaisimamisha pasi. "Na mimi nataka wanipende. Unadhani najikaza darasani kwa ajili ya nani?" Akakunja blauzi, akaikunjua tena. "Halafu nasikia tuligombania sufuria. Nimeambiwa na wewe umekubali."

"Nilikubali."

"Kwa nini?"

"Ya sufuria ina nafuu."

Dada karibu acheke, akajizuia. Mdogo akaona ndio mwanya. "Rudi nyumbani. Au twende kwa mkuu sasa hivi, tumwambie jibu moja kama zamani. Tukibaki tubaki wote, tukiondoka tuondoke wote."

"Sijui nilivyo," Dada akasema. "Mle ndani kila mtu kaniona, isipokuwa mimi. Nilikuta mwishomwisho, nikaona mguu tu na vinywa vyao." Akavuta kiti katikati ya chumba, akaketi, mikono mapajani kama mtu aliyeingia darasani. "Naomba kitu kimoja. Simama pale, unifanye. Vilevile, usipunguze. Kama ninachekesha, nitacheka, nitabeba godoro langu na kwa mkuu tutakwenda."

Mwalimu wa sayansi akasogea mpaka ukutani. Akageuka. Akafumba macho. Mkono ukapanda, ukafika shavuni, ukakwama hapohapo.

Nje wasichana walikuwa wakiitana kwenda kuanua nguo.

"Naomba," Dada akasema tena, taratibu.