Kichwa cha Naisula

Katika filamu ya kwanza, bondia nilikuwa mimi. Hii ya pili tunairekodi Noonkopir. Mimi nimekuwa kocha, na bondia ni Naisula, msichana kutoka Mashuuru. Nilitakiwa kumvalisha glavu zangu za zamani, lakini niliposogea akainamisha kichwa, vile vijana wa Kimaasai husalimia wazee.

“Kata!” Yvonne, mwelekezi wetu, akafoka. “Bondia hainamishi kichwa! Turudie!”

“Hebu nyamaza wewe,” nikamwambia. Nikamwekea Naisula kiganja kichwani, polepole, kisha nikamvalisha glavu.

“Umeshanisalimia,” nikamwambia. “Sasa mimi si mzee wako, ni mpinzani. Inua kichwa.”

Akakiinua, na ngumi yake ya kushoto ikanipata mdomoni.

Safari hii Yvonne hakusema kata.