Chungu Kilicholala Majini

Fundi wa mbao alipohamishiwa chumba cha vyungu pale makumbusho, alikabidhiwa chungu kilichokuwa kinajimaliza chenyewe. Kilifukuliwa kwenye ardhi ya chumvi, na kila asubuhi kilikutwa kimeota unga mweupe, magamba ya udongo yamedondoka mezani.

Fundi akakipangusa kwa mafuta ya taa. Kesho yake unga uko palepale.

"Kwenye mbao hakuna uchafu unaoyashinda, mama," alijitetea kwa mkuu wa chumba, mama wa makamo waliyemwita Bi Taratibu.

Hakumgombeza. Alitia kijiko cha chumvi kwenye glasi ya mafuta ya taa, kingine kwenye glasi ya maji, akakoroga zote. Kwenye mafuta chumvi ilishuka chini ikatulia tuli. Kwenye maji ilipotea yote.

"Unga ule ni chumvi, na chumvi ni chembe za aina mbili," alisema. "Moja ina chaji chanya, nyingine hasi, na zimeshikana chanda na pete. Mafuta hayana cha kuzivutia. Lakini kila chembe ya maji ina upande ulio hasi kidogo na upande ulio chanya kidogo."

"Kwa hiyo maji yanazichomoa?"

"Chembe moja ya maji haiwezi. Zinakuja kundi: zinaielekezea chanya upande wao hasi, na hasi upande wao chanya. Zinaizunguka kila moja, mpaka inaondoka na wapambe wake."

Fundi aliinua ile glasi ya maji dirishani. Maji maangavu kabisa, kama hayajafanya kitu. "Lo! Na mimi miaka yote nayatumia kuoshea brashi."

Wakakilaza chungu kwenye beseni la maji safi. Kila baada ya siku mbili fundi aliyamwaga, akatia mapya, baada ya kupima umeme unavyopita ndani yake. Chumvi ikizidi, namba hupanda. Ya kwanza ilikuwa mia tisa. Ikaja mia nne, mia na themanini, halafu ikagoma wiki nzima akakata tamaa. Bi Taratibu alimwambia tu, "Bado yanafanya kazi." Wiki ya saba ikasoma kumi na mbili.

Walikikausha kivulini siku kumi. Fundi akapitisha kidole ukingoni, akakitazama: hakuna unga.

Karakana ya mbao ilipomwita arudi, aliomba abaki. Rafuni kulikuwa na vyungu vingine kumi na saba vilivyoota unga, vikingoja maji.