Upawa wa Mama Mkwe

Fundi wa makochi alikuwa amezoea mama mkwe wake kumwita "huyo fundi", na wala hakuwa na kinyongo. Bibi mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaani walimwita Bi Kengele, kwa sababu siku ya kustaafu aliondoka na kengele ya shule, ile ya shaba yenye mpini wa mbao, akaja kuiweka juu ya meza ya sebuleni kwa binti yake. Akitaka kitu, anaitikisa. Ukiisikia, unakwenda. Hata paka alikuwa anakwenda.

Tangu ahamie hapo hakuwahi kumsemesha mkwewe moja kwa moja. Maagizo yote yalipita kwa binti, hata fundi akiwa amesimama palepale. "Mwambie huyo fundi nyundo yake inanipasua kichwa." Na fundi naye, kwa adabu zote: "Mwambie mama nimesikia." Binti, ambaye alirudi kutoka kiwanda cha mikate akiwa hoi, alikaa katikati yao akipokea na kupeleka, na chai yake ikipoa.

Chanzo cha yote ni bia. Zamani fundi alipokwenda kuposa, Bi Kengele alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, akamwambia, "Chupa au binti yangu. Chagua." Fundi alichagua binti, na tangu siku ile hakuonja hata povu. Lakini walimu hawasahau. Mtoto akishaitwa mtoro darasa la kwanza, hata akija kuwa waziri, kwao ni mtoro tu.

Basi, kliniki wakampima Bi Kengele presha, wakaikuta juu, wakampa vidonge. Aliogopa, ingawa hakusema. Mumewe alikuwa ameondoka duniani kwa ugonjwa wa moyo, ghafla, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na tangu hapo moyo haukutaniwa katika nyumba ile.

Asubuhi moja mke ameshakwenda kazini, fundi yuko barazani anavisha kochi kitambaa kipya, kengele ikalia. Akakimbia ndani na misumari midogo mdomoni, kama kawaida ya mafundi wa makochi.

"Toa misumari," alisema Bi Kengele.

Fundi akaitema kiganjani. Alitazama nyuma kuona kama mke wake yupo. Hakuwepo. Aliyesemeshwa ni yeye.

"Redioni wamesema," aliendelea bibi, akiiangalia redio badala ya mkwewe, "divai nyekundu, kidogo, kila siku, inafungua mishipa ya moyo. Kasema mtaalamu. Sasa nisikilize vizuri. Hiyo si pombe, ni dawa. Pombe ni ile uliyokuwa unakunywa wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nenda kaninunulie. Mimi siwezi kuonekana pale dukani. Wewe wameshakuzoea."

Hilo la mwisho lilimchoma, lakini alimeza.

"Na binti yangu asijue. Atadhani mama yake kawa mlevi uzeeni."

Muuza vinywaji wa kona alipomwona fundi anaingia, alimpokea kwa mikono miwili. "Umerudi, ndugu yangu! Nilisema mimi, yule mke atachoka kukulinda!" Fundi alijikausha, akalipa, akaiviringisha chupa ndani ya kipande cha sponji na kukibana kwapani. Bahati mbaya shingo ya chupa ilichungulia, na akina mama wa pale nje wakaiona. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba fundi karudia mambo yake.

Dozi ilianza na kijiko cha chai. Bi Kengele alikunywa akiwa amefumba macho na kuziba pua, akakunja uso, akasema dawa ni chungu. Haukupita muda akatangaza kwamba kijiko cha chai ni cha watoto, naye ni mtu mzima, akahamia kijiko cha wali. Halafu akaona kijiko cha wali kinamwaga njiani kwa sababu mkono unatetemeka. Ndipo upawa wa supu ulipotoweka jikoni.

"Umeuona upawa wangu?" mke alimuuliza fundi.

"Upawa? Upi?"

"Tuna mmoja, mume wangu."

Fundi akaenda kutafuta chini ya kabati kitu alichojua hakipo.

Sasa mchana ndio ukachangamka. Bi Kengele, baada ya dawa, alikuja barazani akakaa kwenye kochi ambalo halijavishwa, juu ya springi tupu, akawa anapanda na kushuka kidogo kidogo huku akizungumza. Na alizungumza na fundi! Wateja wakija aliwapanga mstari kwa urefu, wafupi mbele. Mzee mmoja aliyeleta kiti cha kubembea alirudishwa kunawa mikono, akaenda, akanawa. Halafu bibi angeanza kisa cha mkaguzi wa shule.

"Nilikuwa mwalimu mpya," angesema. "Akaja mkaguzi, kavaa suti, kabeba mkoba, kanuna. Darasani kulikuwa na kiti kimoja tu, kibovu. Nikamwambia, karibu uketi. Basi akakaa..." Hapo kicheko kingemshika, angelia machozi, angepiga makofi, na kisa kingeishia hapo. Kila siku kiliishia hapo.

Fundi alikuwa anafurahi, na hilo lazima lisemwe. Alilelewa na shangazi mwenye maneno machache, na hakuna mzazi aliyewahi kumkalia karibu akamsimulia kitu. Sasa alikuwa na mama wa mchana, na alijua kabisa kinachomleta. Kwa hiyo chupa ilipokwisha, alikwenda kununua nyingine kabla hajatumwa. Alijiambia ni utii tu, lakini moyoni alijua anadanganya.

Kwa sababu jioni hali ilikuwa tofauti. Bi Kengele alikaa kitandani na mkono kifuani. "Moyo wangu leo unaruka kamba," alisema, na dawa ya kuutuliza, kwa akili yake, ilikuwa upawa mwingine. Vidonge vya kliniki alivisindikiza kwa hiyohiyo divai.

"Mama," fundi alijaribu siku moja, "nadhani yule wa redioni alisema kidogo."

"Kidogo cha nani? Kidogo cha sisimizi au kidogo cha tembo? Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote."

Fundi akarudisha misumari mdomoni. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba amelewa. Maneno hayo hata mdomoni hayakai, ni afadhali misumari.

Kisha ikaja siku bibi aliinuka kitini, akayumba, akashika pazia, pazia likaja na fimbo yake yote. Binti yake alikuwa nyumbani siku hiyo. Hakutaka maelezo, wote watatu wakaenda kliniki, wakapanga foleni mpaka wakaitwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani. Alimpima Bi Kengele, akatikisa kichwa, akapima tena. Kisha akamtazama fundi. "Na huyu ni nani?"

"Huyo ni fundi," alijibu Bi Kengele.

"Afadhali!" daktari alifurahi, akanyoosha kidole darini. "Feni hiyo imekufa tangu mwezi uliopita."

"Ni wa makochi, daktari," alisema fundi kwa unyenyekevu. "Na pia ni mkwe."

Daktari akarudi kwa mgonjwa. Presha haijashuka, alisema, imepanda, na mapigo ya moyo hayaendi sawa. Vidonge anakunywa? Anakunywa. Chumvi amepunguza? Amepunguza. "Pombe je, bibi?"

"Pombe?" Bi Kengele alijinyoosha kitini. "Mimi?"

Binti yake akacheka. "Daktari, mama hata harufu yake haiwezi."

"Basi vidonge vimeshindwa," alisema daktari, akachukua kalamu. "Nitamwongezea vingine vikali zaidi."

Fundi alihisi jasho linamtoka. Vikali zaidi, juu ya upawa! Akamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama ukuta. Kusema ni kumvua nguo mtu mzima mbele ya binti yake. Kunyamaza ni kumzika. Akapiga moyo konde, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Daktari, na mimi nina shida. Mimi mwenyewe."

"Subiri zamu yako."

"Ni ya moyo, daktari. Nina presha, nina vidonge, ila nimekuwa nakunywa divai nyekundu. Kwa ajili ya mishipa. Asubuhi upawa, mchana upawa, jioni moyo ukianza kuruka kamba, naongeza upawa."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Upawa?" mke wake alisema taratibu. "Upawa wangu wa supu?"

"Wa supu," alikiri fundi.

Daktari akaweka kalamu chini, akampa vidonge vyake bila dawa yoyote. Alimwambia kwamba hayo maneno ya divai kufungua mishipa ni ya zamani. Wataalamu waliona wanaokunywa kidogo wana mioyo mizuri, wakadhani ni divai, kumbe wengi wao walikuwa watu wanaokula vizuri, wanaotembea, wenye nafasi ya kutibiwa mapema. Leo ukimuuliza daktari makini, hatamwambia mtu asiyekunywa aanze kunywa kwa ajili ya moyo. "Pombe inapandisha presha, bwana! Inavuruga mapigo! Na ukiichanganya na vidonge utaanguka siku moja usiinuke. Upawa! Hata kama ingekuwa dawa, nani anakunywa dawa kwa upawa? Wewe una akili timamu?"

"Sina, daktari," alisema fundi.

"Na mikono ikitetemeka kwa pombe, unashikaje nyundo?"

"Kwa shida, daktari."

Mke wake alikuwa amesimama. "Kumbe ndiyo maana kazini wananikonyeza! Majirani wote wanajua, mimi tu ndiye mjinga! Uliapa mbele ya mama yangu. Leo utalala kwenye makochi yako, na kesho pia, na usinisemeshe!" Sauti ikamkatika, machozi yakamjaa. Hilo fundi hakulitegemea. Kelele alikuwa amejiandaa nazo, machozi hapana. Alishika magoti yake, amekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Ndipo mkoba ukasikika ukifunguliwa.

Bi Kengele alitoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Akakikunjua juu ya meza ya daktari, polepole, kama anayegawa karatasi za mtihani. Ndani mlikuwa na upawa. Kando yake akaweka kichupa cha dawa ya kikohozi ambacho ndani yake hakukuwa na dawa ya kikohozi.

"Nilijua foleni yenu," alimwambia daktari. "Nisingewahi dozi ya mchana."

Binti yake alitoa macho. "Mama!"

"Kaa chini, binti yangu. Na umfute huyo fundi jasho. Tangu akuoe hajagusa chupa, isipokuwa kunibebea mimi." Akamgeukia daktari. "Daktari, hayo yote uliyomfokea, ni yangu. Nimeyasikia. Huna haja ya kurudia."

Daktari alichukua kichupa, akakinusa, akakimimina kwenye sinki la kunawia mikono.

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Upawa ulirudi jikoni, ukachemshwa, ukachemshwa tena. Mke alimwomba fundi msamaha, kisha akamgombeza upya kwa kukubali kutumwa, na hapo alikuwa na haki. Vidonge vilevile vya zamani, sasa vikimezwa kwa maji, vikaanza kufanya kazi, na presha ikashuka. Lakini Bi Kengele alikaa sebuleni na kengele haikulia. Barazani hakutokea tena. Fundi alipigilia misumari akijiambia kwamba heri mama mzima aliyenyamaza. Hata hivyo, lile kochi la springi tupu hakulivisha, na mwenye kochi alipokuja kulifuata alimdanganya kwamba kitambaa bado hakijapatikana.

Mchana mmoja alisikia kandambili. Bi Kengele alitoka na vikombe viwili vya chai kwenye sinia, akakaa juu ya springi, akapanda na kushuka kidogo, akatulia.

"Kisa cha mkaguzi," alisema. "Sikukimaliza."

Fundi akatema misumari.

"Akakaa, kiti kikavunjika. Miguu juu, suti imepasuka nyuma, watoto wanashangilia. Nikajua kazi sina. Yeye akainuka, akajipangusa, akaandika kwamba darasa lina nidhamu nzuri sana. Wiki iliyofuata akarudi na kiti kipya." Safari hii hakucheka. Alikuwa anatabasamu tu. "Ndiye baba wa mkeo."

"Sikujua, mama."

"Nilimwita 'huyo mkaguzi'. Mbele ya watu, nyumbani, hata mbele ya mtoto. Yeye alikuwa anacheka tu. Nilisema ipo siku nitamwita vizuri, haraka ya nini." Alikizungusha kikombe chake kwenye sinia. "Hata asubuhi ile anafunga viatu, nilimwambia binti yangu, mwambie huyo mkaguzi chai tayari."

Fundi akaweka nyundo mapajani.

Bi Kengele akamsogezea kikombe cha pili.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kunywa chai, isipoe."